Tupeane uzoefu: udongo wa shamba lako uliondokaje, na ulifanya nini?

Mtunza Mboji: Wakuu, mvua ya usiku imenirudisha mbali. Maji yote yaliyopita njiani yalikuwa mekundu, tena mazito. Ule ni udongo wa juu, wenye mboji, unaobeba sehemu kubwa ya rutuba. Sentimita chache zake huchukua mamia ya miaka kutengenezeka, na mvua moja inazihamisha. Wenye visa tupeane.

Wa Bondeni: Umenitonesha kidonda. Mimi shamba liliondoka kwa sababu ya karavati. Barabara ya juu ilipopanuliwa, maji ya kilima kizima yakakusanywa na kutolewa mahali pamoja, juu kidogo ya mpaka wangu. Matuta nilikuwa nayo, tena imara. Mvua kubwa ya kwanza ikavunja tuta la juu, lile likamwaga maji yake yote kwenye la pili, la pili likashindwa, hivyo hivyo hadi chini. Tuliyasikia usiku tukiwa ndani. Kulipokucha katikati ya shamba palikuwa na korongo la kumzamisha mtu mzima, na maharage yalikuwa yamefukiwa na mchanga kwa jirani wa chini. Nikaenda ofisi ya barabara, wakanituma ya ardhi. Ya ardhi wakasema nenda kilimo. Kilimo wakasema hayo ni ya barabara.

Mwishowe tulikaa sisi wenye mteremko. Tukachimba mfereji wa kuchepusha maji juu ya mashamba yote, ukaishia kwenye njia ya maji tuliyoipanda nyasi. Ndani ya korongo tukapanga vizuizi vya mawe, katikati tukapaacha chini kuliko kingo ili maji yapite pale, yasizunguke pembeni na kula kuta. Sasa linajaa udongo taratibu. Jirani mmoja tu aligoma.

Jembe Kali: Hapo kwenye ofisi umesema kweli tupu.

Dada Samadi: Makorongo angalau yanaonekana. Shamba nililokodi mimi udongo ulikuwepo wote, ila haukufanya kazi. Mahindi yanadumaa, mizizi mifupi, minene. Kupima tindikali ya udongo, pH 4.7, yaani mchachu mno. Aliyenitangulia alitia mbolea za amonia mfululizo, na mabua yote yaliondolewa. Udongo ukishuka chini ya 5.5 hivi, alumini huanza kuyeyuka na kuumiza mizizi, na fosforasi inafungwa, mmea hauipati. Chokaa ya kilimo pamoja na samadi ndiyo imeuamsha.

Asilia Tu: Ndiyo maana nasema mbolea za chumvichumvi ni sumu. Samadi peke yake inatosha!

Pima Kwanza: Mkuu, usipotoshe watu. Samadi ya kutosha ekari zote mtu asiye na mifugo anaitoa wapi? Tena samadi ikianikwa juani, naitrojeni yake inapaa hewani. Tatizo ni kutia bila kupima, iwe ya mfuko au ya zizini.

Asilia Tu: Wauza mifuko mna maneno.

Pima Kwanza: Siuzi chochote. Soma alichoandika Dada Samadi, chokaa haitoki zizini.

Jembe Kali: Jamani, rudini kwenye korongo! Yule jirani aliyegoma?

Wa Bondeni: Kipande chake ni chembamba, kinashuka kutoka juu hadi bondeni. Urithi uligawanywa hivyo ili kila mtoto apate kidogo cha juu na kidogo cha maji. Ukilima kukingama, ng'ombe hawajakaa sawa umeshafika mpakani, kwa hiyo wote walilima kushuka, na kila mfuo ukawa mfereji. Wanaogawa ardhi wangeangalia mteremko kwanza, nusu ya haya yasingetokea. Tulichofanya, mipaka ilibaki palepale, lakini kontua, yaani mistari ya usawa inayokingama mteremko, zilipimwa kama shamba moja, kila mtu akachimba kipande chake cha mstari. Yeye alikubali msimu uliofuata. Korongo hukua kuelekea juu, lilikuwa limeshaanza kumega kwake.

Mtunza Mboji: Hili la kupima kama shamba moja ndilo nililokuwa nalitafuta.

Kingo: Pandeni nyasi za vetiva kwenye matuta, mmalize.

Mama Malisho: Vetiva ikikomaa ng'ombe haitaki. Panda majani tembo.

Kingo: Majani tembo yatakunyima mahindi ya mistari ya karibu.

Mama Malisho: Nitakunywa maziwa.

Jembe Kali: Na tuache kuchoma mabua. Matone ya mvua yakikuta udongo uchi yanaupiga mpaka unaziba.

Mpya Shambani: Wa Bondeni, mfereji wa juu mliupa mwinamo gani?

Wa Bondeni: Usizidi nusu mita kwa kila mita 100, ukizidi maji yanachimba. Pima kwa fremu ya A (miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na timazi katikati) au pima maji. Njia ya nyasi itangulie, ishike kabisa, ndipo uchimbe mfereji ukianzia huko inakotokea. Ukianzia upande mwingine na mvua ikakukuta katikati, maji hayana pa kutokea.

Mpya Shambani: Ahsante. Naanza na nyasi.