Charles Radbourn na msimu wa 1884: mrushaji mmoja alishindaje michezo 59?

Mdadisi wa Besiboli
Wakuu, salaam. Katika kusoma historia ya besiboli ya Marekani nimekutana na Charles Radbourn, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) wa klabu ya Providence Grays, ambaye vitabu vingine humhesabia ushindi wa michezo 59 katika msimu wa 1884, na vingine 60; katika besiboli kila ushindi wa timu huandikwa kwa jina la mrushaji mmoja. Siku hizi mrushaji akishinda michezo 20 kwa msimu husifiwa mno. Naomba kufahamishwa mtu mmoja aliwezaje kufika huko, na kwa nini hesabu zenyewe hazikubaliani.

Karani wa Takwimu
Ndugu, nianze na la hesabu kwa kuwa ni jepesi. Tarehe 28 Julai 1884, katika mchezo dhidi ya Philadelphia, aliyeanza kurusha alikuwa mwenzake aitwaye Miller, kisha Radbourn akaingia na kumalizia bila kuruhusu alama. Mwandikaji wa alama alimpa Radbourn ushindi huo, ilhali kwa kanuni za leo ungekuwa wa Miller; ndiyo maana wengine huhesabu 60 na wengine 59.

Ama kufika huko, kumbuka kwamba wakati ule mrushaji alisimama umbali wa futi 50 tu kutoka kwa mpigaji. Umbali wa leo wa futi 60 na inchi 6 ulianza mwaka 1893. Tena, mwaka huohuo wa 1884 National League, ligi ya Providence, iliondoa kizuizi cha kurusha mpira kwa mkono ulioinuliwa juu ya bega. Hata hivyo kanuni hazikumpendelea mrushaji kwa kila jambo, maana mpigaji alikuwa na haki ya kudai arushiwe mpira wa juu au wa chini. Radbourn alianza michezo 73, akaimaliza yote yeye mwenyewe, akarusha vipindi zaidi ya 678 (mchezo wa kawaida una vipindi tisa) na kuwatoa wapigaji 441 kwa kukosa mpira. Timu nzima ilishinda michezo 84.

Msomi wa Bandarini
Maelezo ya Karani ni sahihi, lakini kanuni peke yake hazitoshi, kwa sababu warushaji wote wa ligi hiyo walicheza kwa kanuni hizohizo na hakuna aliyefikia 59. Msimu ulianza Providence ikiwa na warushaji wawili wakuu, Radbourn na kijana Charlie Sweeney, ambaye mwezi Juni aliwatoa wapigaji 19 wa Boston katika mchezo mmoja. Wawili hao hawakupatana. Radbourn, ambaye hakuwa mtu mwepesi wa kuishi naye, alisimamishwa na klabu katikati ya Julai. Siku chache baadaye Sweeney naye, akiwa amelewa, alikataa amri ya kumpisha mwenzake arushe, akaondoka uwanjani, akafukuzwa, kisha akahamia ligi shindani ya Union Association. Klabu ikabaki bila mrushaji wa kutegemewa.

Hapo ndipo Radbourn alipotoa masharti yake: angerusha karibu michezo yote iliyosalia, naye alipwe nyongeza na aachiwe huru msimu ukiisha. Uhuru huo ulikuwa na thamani kubwa kuliko fedha, kwa kuwa kifungu cha mikataba ya siku zile kiliiruhusu klabu kumshikilia mchezaji hata muda wake ukiisha. Alishinda michezo 18 mfululizo, ingawa inasimuliwa kwamba asubuhi mkono ulimuuma hata asiweze kuuinua achane nywele. Mwezi Oktoba alishinda pia michezo yote mitatu ya fainali dhidi ya New York Metropolitans. Wengi humsifu kwa kujitoa mhanga kwa ajili ya klabu. Mimi naona alikuwa mfanyakazi aliyejua bei ya mkono wake na akaidai wakati mwajiri hana pa kukimbilia.

Mdadisi wa Besiboli
Ahsanteni sana. Je, alipoachiwa huru alihama?

Msomi wa Bandarini
La, jambo la ajabu ni kwamba alibaki Providence hadi klabu ilipovunjika baada ya msimu wa 1885, ndipo akaenda Boston. Hakufikisha tena ushindi 30 kwa msimu. Mwaka 1890 alijiunga na Ligi ya Wachezaji, iliyoanzishwa kwa kuasi kifungu kilekile chini ya uongozi wa John Montgomery Ward, aliyewahi kurusha naye Providence. Huko alishinda michezo 27 na timu yake ya Boston ikatwaa ubingwa, lakini ligi yenyewe haikuvuka msimu mmoja. Alimalizia Cincinnati mwaka 1891 akiwa na jumla ya ushindi 309, akarejea Bloomington, Illinois, alikolelewa, akafungua baa yenye meza za biliadi. Alipoteza jicho kwa ajali ya bunduki akiwa mawindoni, akafariki tarehe 5 Februari 1897 akiwa na umri wa miaka 42. Jumba la heshima la besiboli huko Cooperstown lilimwingiza mwaka 1939.