Mrejesho: Nimechukua Galaxy S24 Ultra

Wakuu, niliwaomba ushauri kama nichukue S24 Ultra au nibaki na simu ya bei ya kati. Nimeichukua, asanteni sana. Kilichonikosha zaidi ni kioo: kinapunguza mng'ao, saa saba mchana juani nasoma meseji bila kukinga kwa mkono. Kamera ni ya megapikseli 200, ila usipobadilisha mpangilio picha zinatoka na 12, na zinatosha kabisa. Mlionionya kuhusu uzito mlisema kweli. Gramu 232 mkono mmoja unachoka. Haina sehemu ya memori kadi, kwa hiyo mwenye video nyingi achukue ya GB 512. Chaja mnanunua pembeni, tafuteni ya wati 45. Masasisho ya miaka 7 tangu 2024 ndiyo yaliyonifanya nilipe.