Naombeni ushauri: tiketi ya muziki Jakarta imeandikwa "Festival". Nisimame au nikae?

Bi_Pongwe:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Miaka yote mimi ni wa kusoma na kupita, leo nimekwama.

Niko Muscat, kazi za ndani. Mkataba wangu wa miaka 2 unaisha mwisho wa mwezi. Kabla ya kurudi Tanga nataka nipitie Jakarta nikawaone Sheila on 7. Kwa asiyewajua, ni bendi ya Indonesia, ya mji wa Yogyakarta, ipo tangu 1996. Ni magitaa na sauti ya mtu anayeitwa Duta, sauti isiyo na fujo. Mimi nimewajulia jikoni. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mwenzangu Mjava wa Cilacap, akiosha vyombo anaimba, mimi nikipangusa naitikia wala sijui naitikia nini. Alimaliza mkataba akarudi kwao. Tiketi ameshanikatia.

Sasa, tiketi imeandikwa Festival. Nilidhani ndilo jina la shughuli, kumbe wengine zao zimeandikwa Tribun. Ipi ni ipi? Akiwahi inabadilishwa. Begi naingia nalo? Mwanamke mgeni, mtandio kichwani, nitasumbuliwa? Halafu ile viza yao ya siku 30 huwa inaongezwa mara ngapi.

Kiboko_wa_Buza:
Nimekaa hapa na karanga zangu nasubiri wajuzi.

MtuKwao:
Dada yangu, unavuka bahari kwenda kusikiliza gitaa! Hela za Uarabuni zina jini. Mimi nilikaa Doha miaka mitatu, nilivyorudi nilikuwa na redio mbili na blanketi. Nunua kiwanja.

Bin_Senayan:
Nimesoma Jakarta miaka minne, acha nijibu kilichoulizwa.

Festival kule maana yake unasimama, uwanja wa chini mbele ya jukwaa. Tribun ni viti vya ngazi pembeni. Festival unaingia na mkoba mdogo tu. Chupa ya maji wanakunyang'anya mlangoni, maji utayanunua ndani kwa bei ya ndani. Mtandio? Dada, nusu ya watakaokuzunguka watakuwa na mitandio, na wataimba kila neno tangu wimbo wa kwanza. Magharibi kule huingia karibu saa 12 jioni mwaka mzima, kwa hiyo sali kwanza ndipo upange foleni. Ukumbi ukiwa ndani ya eneo la viwanja vya michezo vya Gelora Bung Karno, panda treni ya MRT ushuke Istora Mandiri. Wakati wa kutoka usiite bodaboda pale getini, maelfu wanaita kwa mpigo. Tembea kwanza mpaka utoke kwenye msongamano.

Viza ya kupewa ukifika ni rupia 500,000, siku 30, inaongezwa mara moja kwa siku 30 nyingine. Hakikisha kwenye tovuti ya uhamiaji wao kabla hujalipa ndege, orodha ya nchi huwa wanaigusagusa. Pasi iwe na uhai wa miezi 6 na uwe na tiketi ya kutokea.

Sasa swali langu. Tiketi ya muziki ina jina la nani?

Mzee_wa_Karafuu:
Mwanangu, Wajava hao sisi Pemba tunawajua kwa pua. Mkarafuu wenyewe asili yake kwao, visiwa vya Maluku. Ukaja kwetu, ukakubali udongo, halafu wakawa wao ndio wateja wetu wakubwa, wanazisaga karafuu wanatia ndani ya sigara zao, kretek. Ukiivuta inalia kama chumvi motoni. Marehemu baba alisomesha watu kwa sigara hizo na hakuvuta hata moja. Kufika miaka ya 1980 wakapanda zao za kuwatosha, bei ikaanguka na sisi tukaanguka nayo. Ukifika huko waambie tunawadai.

Kiboko_wa_Buza:
Mzee kaulizwa kuhusu tiketi ya muziki kajibu zao la biashara 😂 Bin_Senayan, huko nako wanamtunza mwimbaji kama kwenye taarabu?

Bin_Senayan:
Kwenye dangdut ndiyo, tena sana, wanaita *sawer*. Dangdut ndiyo binamu wa taarabu yetu, nayo imekunywa kwenye filamu za Kihindi, mfalme wake Rhoma Irama. Ila huyu dada anakwenda kwa Sheila on 7. Ukipanda jukwaani kwao na noti mkononi utabebwa mzobemzobe na walinzi.

Dada, sijajibiwa. Jina la nani?

Bi_Pongwe:
Ahsante sana Bin_Senayan, Mungu akuweke. Jina ni la rafiki yangu, tiketi zote mbili. Alisema ndivyo ilivyo rahisi, malipo yao ni ya benki za kwao na kadi yangu ilikataa. Namwamini. Tumelala chumba kimoja mwaka mzima, kitanda cha juu na cha chini.

Bin_Senayan:
Sikusema ni mwizi. Nasema mlangoni tiketi ya simu hubadilishwa kwa kitambaa cha mkononi, na wengi huomba kitambulisho kinachofanana na jina. Mwenyeji anaonyesha KTP yake, mgeni pasi. Mwambie aandike namba ya pasi yako kwenye yako, au muingie mmeshikana mikono na yeye akiwa mbele. Na msinunue nyingine kwa *calo*, ndio walanguzi wao, watawauzia picha ya tiketi ambayo imeshaingiza watu sita.

Anti_Mwanahawa:
Mimi sijui habari za Jakarta lakini nimelea watoto saba, najua mtu anavyoficha kitu katikati ya maswali. Muziki ni usiku mmoja. Siku 30 hazikutoshi? Za kuongeza unazitaka za nini?

MtuKwao:
Anti umepiga msumari.

Bi_Pongwe:
Nilitaka kujua tu, Anti. Kwa ajili ya matembezi.

Anti_Mwanahawa:
Matembezi ya siku 60 kwa mshahara wa jikoni? Haya. Nyumbani wanajua?

Fundi_Bati:
Kwani nyumba imeshaezekwa? Wanaotoka Uarabuni wote wana nyumba iliyoishia kwenye lenta. Kama umeezeka, bati geji gani? Naulizia kikazi tu 😄

Bi_Pongwe:
Sikutaka kuyaleta haya hapa.

Nyumbani nimewaambia mkataba umeongezwa miezi miwili. Mama yangu anajua hivyo, mume wangu anajua hivyo.

Mume wangu kaoa. Sikuambiwa na yeye. Jirani aliweka picha ya mwanawe kahitimu madrasa, wamepigia barazani kwangu. Nyuma yao dirishani kuna pazia la kijani lenye maua ya rangi ya dhahabu. Pazia hilo nililinunua mimi Ruwi, hapa hapa Muscat, nikampa mtu anayerudi, nikaagiza lisitundikwe mpaka nifike. Na kwenye kamba ya nguo kuna kanga zisizo zangu. Nikauliza, jirani akafuta picha. Nikampigia wifi yangu, akalia kabla sijasema kitu. Huyo mke mpya ana miezi minne mule ndani.

Mtoto wangu yuko kwa mama, Pongwe, hayupo hapo. Msianze na mtoto. Mama mwenye nyumba huku kakubali kunipa pesa badala ya tiketi ya Dar, na wakala wa ndege nimeshamlipa nusu. Kwa hiyo swali langu si niende au nisiende.

Anti_Mwanahawa:
Pole mwanangu. Lakini mtoto anahesabu siku na wewe unamwongezea sitini. Mke mwenzio hakimbiwi, anafuatwa. Mimi wangu alipooa nilifika siku ya tatu na sufuria zangu, nikapika pilau, nikala mwenyewe mbele yao.

MtuKwao:
Dini imemruhusu wanne, tuwe wakweli. Kosa lake ni kutokusema.

Kiboko_wa_Buza:
MtuKwao, ulirudi Doha na redio mbili, leo unatetea wake wanne. Utawalisha betri?

Binti_Usagara:
Pole dada. Ukweli kosa lake si kutokusema, ni kumweka mtu ndani ya jasho la mwenzie. Angempangia chumba huko.

Dokta_Porojo:
Nimekaa kimya nasoma. Wadau, hii ni chai. Tena ya maziwa, tangawizi kwa mbali.

Akaunti imefunguliwa juzi. Mfanyakazi wa ndani, saa nane za usiku, anaandika kwa nukta na mkato kama katibu kata. Kila mtu akiuliza kitu, jibu liko tayari na pambo lake: pazia la kijani, kanga kambani, wifi analia. Mke mwenza kaingia ukurasa wa pili baada ya uzi kupoa. Na mtu mwenye msiba huo anauliza asimame au akae? Huyu anatunga, sisi ndio daftari lake.

Kiboko_wa_Buza:
Aisee. Karanga zimenikwama.

Fundi_Bati:
Hata mimi niliona lenta halijajibiwa.

Mzee_wa_Karafuu:
Saa nane za usiku ndiyo saa pekee ya mfanyakazi wa ndani, Dokta. Dada yangu alikaa Sohar, huko huko Oman, miaka sita, barua zake zote aliziandika saa hizo.

Dokta_Porojo:
Basi athibitishe. Bin_Senayan, wewe umesoma huko, muulize kitu ambacho hakipatikani kwa kupekua mtandaoni.

Bin_Senayan:
Sipendi, ila haya. Dada, usinijibu kama huna nguvu. Mwenzio alikucheka kwa neno gani la Kiswahili?

Bi_Pongwe:
Kuku.

Siku ya kwanza alinionyesha mkono wake, kucha imekatika, anasema *kuku, kuku*. Mimi nikaenda kufungua friji. Kwao kuku ni kucha. Tulicheka mpaka tukaitwa. Baadaye tukawa tunahesabu yanayofanana: bendera ni bendera, dunia ni dunia, kabar ni habari. *Kak* anamwita mtu aliyemzidi, nami alikuwa ananiita hivyo, ingawa kwetu kaka ni mwanamume.

Na kwa kuwa mnataka ushahidi. Wimbo tuliokuwa tunauimba zaidi ni Sephia. Miezi yote nilidhani ni jina la mtoto, maana unaimbwa kwa upole kama bembelezi. Nilipojua habari za pazia nikampigia yeye wa kwanza, alikuwa ameshafika kwao. Nikamwambia basi niimbie ule wa mtoto. Akanyamaza. Akasema Kak, ule si wa mtoto, ni mwanamume anamuaga mpenzi wake wa siri. Tulicheka tena, Wallahi. Kisha akakata tiketi.

Bin_Senayan:
Maana ya Sephia ndiyo hiyo hiyo. Mimi nimemaliza kuuliza.

Dokta_Porojo:
Bado mtunzi anaweza kujua kuku ni kucha. Ila nimepunguza sukari, naiacha chai ipoe.

Binti_Usagara:
Dokta ukishindwa husemi umeshindwa.

MtuKwao:
Kwani hiyo bendi hawajawahi kuja Dar?

Anti_Mwanahawa:
Mimi sijabadilika. Lakini mpigie mama yako. Si mume, mama. Mwambie unakwenda wapi, ndege yaweza kuchelewa, mtu aweza kuugua ugenini, na pale Pongwe watakuwa wanajua uko Muscat jikoni. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, hayo mengine ya kwenu.

Bi_Pongwe:
Anti, mama nitampigia nikishafika Jakarta.

Anti_Mwanahawa:
Kabla.

Bi_Pongwe:
Nimesikia.

Na miezi miwili sijasema nitaimaliza. Nimeuliza tu kama ipo. Rafiki yangu anasema baada ya muziki tutapanda treni stesheni ya Pasar Senen mpaka kwao, nikapumzike, mama yake anafuga mabata. Nikichoka na mabata nitarudi. Mtu amefanya kazi miaka miwili bila Ijumaa hata moja, jamani.

Lakini bado hamjaniambia. Nisimame au nikae?

Kiboko_wa_Buza:
Kaa. Miguu ya miaka miwili hiyo.

Mzee_wa_Karafuu:
Kaa mwanangu. Na karafuu usisahau.

Bin_Senayan:
Simama. Usiende mbele kabisa, kule wanasukumana na kunyanyua simu, hutaona kitu. Rudi nyuma mpaka usawa wa meza ya fundi wa sauti, katikati, hapo ndipo panaposikika vizuri na pana nafasi ya kupumua. Vaa raba. Kama ni miezi ya mvua, wauzaji nje wana makoti ya nailoni ya bei rahisi, nunua kabla haijaanza. Mwavuli uache, wataushikilia mlangoni.

Bi_Pongwe:
Basi sibadilishi. Ahsanteni.

Fundi_Bati, lenta lilipita zamani. Nimeezeka mwaka jana, geji 28. Risiti zote ninazo, jina langu.

Fundi_Bati:
Geji 28 ni bati la maana. Zipige picha hizo risiti leo leo, umtumie mama.