Damu imesoma madini ya risasi 24, naye anataka kushika mimba

AfyaKazini: Wakuu, kuna dada kwenye kitengo cha kupasua betri chakavu na kung'oa pleti za risasi. Damu yake imesoma madini ya risasi maikrogramu 24 kwa desilita, naye anataka kushika mimba. Meneja anasema mtu huondolewa akifika 50, kwa hiyo aendelee tu, apewe maziwa. Hii imekaaje?

Mpima_Vumbi: Hiyo 50 ameitoa kwenye kanuni za Marekani za 1978. Angesoma mpaka mwisho: kanuni hizohizo zinashauri anayetaka mtoto, mwanamume kwa mwanamke, asifike 30. Na hata hiyo ni ya zamani. Mwongozo wa WHO wa 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia 5. Mumewe kama yumo humohumo apimwe pia, maana risasi huharibu mbegu za kiume.

Mkunga_K: Maziwa hayaoshi risasi. Mtu akitoka kwenye vumbi, ya kwenye damu hupungua kwa nusu baada ya mwezi hivi, ila iliyojificha mifupani hukaa miaka mingi. Mimba ikidai kalsiamu, mfupa huitoa pamoja na risasi, na kondo la nyuma halizuii. Kwa hiyo kumhamisha tumbo likishaonekana ni kuchelewa, ahamishwe sasa. Vidonge vya kalsiamu na madini chuma ni kwa ambaye chakula chake hakitoshi, si kinga ya kumrudisha kwenye pleti. Dawa za kutoa risasi mwilini asipewe na mtu huku bado anaingia kwenye vumbi.

AfyaKazini: Nimwombee ofisini?

Mpima_Vumbi: Ndiyo, kama ofisi haipakani na tanuri la kuyeyushia risasi. Mshahara usiguswe, la sivyo wenzake wataficha mimba.

Waliobaki je? Pigeni marufuku fagio kavu, lowesheni sakafu kwanza. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi wa tanuri. Inatakiwa kipumulio cha mpira chenye vichujio vya P100 (vinavyonasa karibu chembe zote za vumbi na moshi), na kigusane na ngozi pande zote: ukingo wa hijabu ukipita chini ya mpira, hewa chafu inaingia hapo. Hijabu ivaliwe juu ya mikanda. Chai na andazi ziliwe nje ya kitengo, mikono ikishaoshwa. Sare zifuliwe hapohapo kazini, zisifike nyumbani.

Mkunga_K: Na kipimo cha kurudia kiwe damu ya mshipa. Tone la kidole chenye vumbi la pleti hupandisha namba bure.