UZI: "Haikujengwa" si sawa na "haiwezi kuelea". Manowari zenu za Ziwa Victoria zinatia aibu

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Uzi huu ni wa hasira, nasema mapema asije mtu akalalamika kwamba sikubisha hodi.

Mwezi wote huu jukwaa letu la kuchora meli za kivita ambazo hazikujengwa limejaa manowari za ziwa. "Manowari ya Port Bell, 1912, mizinga minne ya inchi 12." "Manowari nzito ya Jinja, maili 28 kwa saa." Mchoro ni mzuri, bendera inapepea, mawimbi yamepakwa povu, na watu sitini wamebonyeza kupenda. Uliza swali moja tu, kwamba chombo hicho kilifikaje ziwani, uone watu wanavyokimbia.

Banange, ziwa hili halina mlango wa baharini! Nile haipitiki: pale Murchison mto wote unabanwa kwenye upenyo wa kama mita 7 halafu unaporomoka mita 43. Kila kipande cha chuma kilipanda kutoka Mombasa kwa reli yenye upana wa mita 1, kikavuka kilele cha Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ndipo kikateremka Kisumu. Reli hiyo ilifika Kisumu mwaka 1901. Meli za ziwa za zamani, Winifred, Sybil, Clement Hill, Usoga na Rusinga, zote zililetwa vipande vipande na kuungwa hukohuko Kisumu. Treni ya kutoka pwani ilifika Kampala, ambako Port Bell ndiyo bandari yake, mwaka 1931. Kwa hiyo ukiniandikia "ilijengwa Port Bell 1912" unanidai niamini kwamba mabamba yalishushwa Kisumu, yakapakiwa kwenye meli nyingine, yakavushwa ziwa, kisha yakaungwa mahali pasipo na winchi ya maana. Kwa nini wasingeunga Kisumu?

Tuje kwenye mzinga wenyewe. Mtutu mmoja wa Kiingereza wa inchi 12 (huo ni upana wa mdomo wake) wa enzi hizo una uzito unaozidi tani 50 na urefu wa takribani mita 14. Ni mtutu tu huo, bila tureti (kibanda cha mizinga kinachozunguka), bila mitambo ya kukizungushia, bila ghala la baruti. Nionyesheni behewa la reli ya mita 1 litakalopita nao kwenye kona za bonde la ufa. Mtutu wa inchi 6 una tani kama 7, huo unapandika. Mizinga ya inchi 4 na midogo zaidi haina hata mjadala. Ukitaka manowari ya ziwa inayoaminika, anza na kipande kizito kuliko vyote ambacho hakigawanyiki, yaani boila au mtutu, uliza kama reli inakibeba, halafu ndipo uchore ganda la kukizunguka. Ninyi mnaanza na ganda.

Mfano halisi uko jirani hapo. Goetzen, meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, na ikashushwa majini mwaka 1915. Meli ya mita 71! Mzinga wake mkubwa ulikuwa wa sentimita 10.5, ulioopolewa kutoka manowari Königsberg. Ndio huo mkubwa. Na upande wa Waingereza, Mimi na Toutou zilikuwa mashua za futi 40 zenye mzinga mdogo wa milimita 47 mbele, na hata huo ulipigwa salama ukielekea mbele tu, maana ukiugeuza ubavuni msukumo wake unatishia kuipindua mashua. Sasa wewe unaweka mizinga minne ya inchi 12 kwenye chombo cha mita 60 na kuipiga yote upande mmoja.

Hiyo ya mita 60 tuipigie hesabu, kwa sababu mwenye mchoro kaandika "tani 2,400" bila kupepesa. Urefu 60, upana 9, kina cha kuzama 2. Zidisha: mita za ujazo 1,080. Huo ni ujazo wa sanduku, pembe zote nne mraba. Meli si sanduku, omo (mbele) imechongoka na tezi (nyuma) imebanwa, kwa hiyo unazidisha tena kwa kizio cha umbo. Chombo chembamba cha mwendo hukaa karibu na 0.50, kizito cha pole hupanda 0.60 na zaidi. Chukua 0.55, unapata 594. Na kwa kuwa maji ya ziwa ni baridi, si ya chumvi, mita moja ya ujazo ni tani moja, basi jibu ni tani 594. Mitutu yako minne peke yake imekula zaidi ya 200. Bado ganda, boila, kuni, deraya na mabaharia. Tani 2,400 kwa vipimo hivyo haipatikani hata ukiujaza ujazo wote wa sanduku, labda uizamishe, na hapo kweli itasukuma maji mengi.

Halafu Springsharp. Programu nzuri ya kukadiria kama meli uliyoibuni inawezekana, ya bure, lakini mnaitumia kama mganga: mnampelekea shida, mnaondoka na hirizi. Ripoti ikisema nguvu ya jumla ya ganda ni 0.71, maana yake meli itavunjika. Inatakiwa ifike 1.00. Badala ya kupunguza mizinga, mtu anasogeza mwaka wa mitambo kutoka 1912 hadi 1935 ili mashine ziwe nyepesi, namba inapanda, anabandika ripoti. Tunaona! Mwaka umeandikwa palepale. Mwingine anainua ubavu ulio juu ya maji hadi meli inakuwa kama ghorofa la Kikuubo, nguvu inafika 1.00, halafu kwenye mchoro ubavu ni wa chini vilevile. Ripoti na mchoro ni meli mbili tofauti.

Mkumbuke pia kwamba programu hiyo inadhani uko baharini. Maji yetu ni mepesi kwa kama asilimia 2.5, hivyo chombo cha kina cha mita 2 kitazama sentimita 5 zaidi. (Kwenye mchoro hizo ni theluthi ya pikseli, yaani nukta moja ya picha, hazionekani, msinitumie picha mpya za kurekebisha hilo. Nataka zionekane kwenye maelezo.) Hewa nayo: tuko mita 1,135 juu, hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 10 kuliko pwani, na injini ya dizeli isiyo na cha kusukumia hewa inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ukichagua mvuke na kuni, kumbuka kuni hutoa karibu nusu tu ya joto la makaa ya mawe kwa uzito uleule, na zinakula nafasi maradufu na zaidi. Safari ya Kisumu hadi Bukoba kwa kuni inataka ghala ambalo hakuna hata mmoja wenu amelichora.

Na mwendo. Nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa mwendo, na kwa chombo kifupi hupanda zaidi ya hapo. Kutoka maili 14 hadi 28 kwa saa si mara mbili, ni mara nane kwa uchache. Mabomba mawili ya moshi uliyoyanakili kutoka meli nyingine hayajui hilo.

Sasa uchoraji wenyewe. Skeli ya Shipbucket, mtindo wa kuchora meli kwa pikseli tunaoufuata, ni pikseli 2 kwa futi 1, yaani pikseli moja ni sentimita 15.24. Kama vipimo vyako ni vya mita, zidisha kwa 6.56: Goetzen inatoka pikseli 466 hivi. Mtu mzima ni pikseli 11. Chora mtu huyo kwanza, msimamishe kwenye sitaha, umpitishe mlangoni. Wiki hii kuna daraja la nahodha lenye madirisha yanayomfika magotini, na mzinga wa kuzuia ndege ulionakiliwa bila kupimwa, mshambuliaji wake angekuwa na futi 9. Vipande vikitoka kwa wachoraji wengine, taja jina la kila mmoja pembeni ya mchoro. Usiseme "vipande kutoka mtandaoni". Huo ni wizi uliovaa miwani.

Tumia penseli, si brashi. Zima kulainisha kingo, kwa sababu kingo zikilainishwa mstari mweusi wa pikseli moja unageuka ukungu wa rangi tano za kijivu, na ukitaka kubadili rangi ya ganda kwa kumwaga, rangi inaacha usaha pembeni kote. Hifadhi kwa PNG. JPEG inatapika madoa kuzunguka kila mlingoti na hayatoki tena. Ukituma WhatsApp, tuma kama faili. Ukituma kama picha inabanwa na kuharibiwa njiani, halafu unakwenda kuchapisha Nasser Road na kumlaumu fundi wa mashine.

NYONGEZA, kwa ndugu aliyeandika hapo chini kwamba "hizi ni ndoto tu, mbona una roho mbaya": ota ndoto zako, ssebo, lakini andika kwamba ni ndoto. Kuna meli iliyolazwa mkuku (uti wa chini wa meli, yaani ujenzi umeanza) ikaachwa, kuna iliyoagizwa bila kulazwa mkuku, kuna iliyoishia kwenye karatasi za wahandisi, na kuna uliyoibuni wewe jana usiku. Sovetsky Soyuz za Wasovieti zililazwa mkuku, na mmoja wa ndugu zake ulisimamishwa mwaka 1940 baada ya ribiti zake kuonekana mbovu. Montana za Marekani ziliagizwa tano, hakuna hata moja iliyolazwa mkuku, zikafutwa 1943. H-39 za Wajerumani, mikuku miwili ilianza 1939. H-44 ni karatasi tupu, na mtu anayeiandika "karibu ikamilike" anadanganya watoto. G3 za Uingereza ziliagizwa nne mwaka 1921 na zikauawa na Mkataba wa Washington wa Februari 1922, ule wa kupunguza manowari. Na ukichora G3 au N3, mwenzake wa Uingereza ambaye naye hakujengwa, tureti ya tatu iko nyuma ya daraja la nahodha lakini mbele ya mabomba ya moshi. Haiwezi kupiga moja kwa moja nyuma. Michoro mitatu humu imeihamishia tezini ili "ipendeze". Hiyo si N3 tena.

NYONGEZA YA PILI, na hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Kuna mchoro wa "HMS Uganda kama ilivyopaswa kujengwa, tureti nne, mizinga 12 ya inchi 6", umebandikwa juu kabisa na wasimamizi wameupa nyota. Jamani. Uganda, manowari ya Uingereza, ilijengwa. Ilishushwa majini 1941, ilipigwa na bomu la kuongozwa karibu na Salerno Septemba 1943, ikapewa Kanada 1944, ikaitwa Quebec mwaka 1952. Ilikuwa na tureti tatu kwa makusudi: ile ya X (ya tatu kutoka mbele kati ya nne) iliondolewa kwenye ramani ili uzito uende kwenye mizinga ya kuzuia ndege. Dada zake wanane wa mwanzo ndio walikuwa na tureti nne, na mmojawapo aliitwa Kenya. Hesabu pikseli za huo mchoro: urefu futi 555.5, pikseli 1,111, tureti nne, mizinga 12. Mwenye mchoro katuchorea HMS Kenya na kuandika jina letu ubavuni. Wasimamizi ondoeni nyota, na mwenye nao aidha afute tureti ya X au afute jina.