Umeme na maji vinatumaliza: nianze na kifaa gani cha nyumba janja?

MamaZuu_Tegeta
Habari za leo wanajamvi, naombeni ushauri wenu. Tuko watu saba nyumbani, mita moja ya LUKU. Maji ya DAWASA yanaingia tanki la chini, pampu inayapandisha kwenye simtanki juu. Aliyewasha pampu akishikwa na kazi nyingine, maji yanafurika mpaka njia ya majirani inakuwa tope, halafu bomba la mtaa likikauka tunanunua ya madumu. Uniti nazo zinakwisha bila kujulikana zimeliwa na nini. Mimi nasema hita, watoto wanasema pasi, mama mkwe anasema friji.

Nimetenga laki tatu. Mume wangu anapendekeza taa za kuwashia kwenye simu. Mimi nataka kitu kitakachofanya nyumba nzima ione inachotumia, maana kugombeza kumeshindikana. Je, umeme ukikatika au bando likiisha, vitu hivi vinafanya kazi?

Fundi_Kontakta
Dada, taa ziache kwanza. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa tano haifiki hata sehemu moja ya kumi ya uniti. Hita ya kuogea ya wati 4,500 inakula robo tatu ya uniti kwa dakika 10 tu. Watu saba wakioga hivyo mara moja, zimeshapita uniti tano.

Nunua kipima umeme cha Wi-Fi, kile chenye kibanio kinachozunguka waya mkuu kwenye mein swichi. Kikiwa na vibanio viwili, cha pili kiwekwe kwenye waya wa hita. Afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, upande wa baada ya LUKU. Mita na sili za TANESCO zisiguswe.

Na tafadhali sana, hita isipitishwe kwenye plagi janja. Nyingi ni za ampea 10 au 16, na hita hiyo inavuta karibu 20. Nimeshakuta zilizoyeyuka zikagandia ukutani. Ukitaka kuipangia saa, swichi janja iamuru kontakta (swichi nzito ya sumaku), na kontakta ndiyo ibebe mzigo.

Kisimani_Kigamboni
Kwenye maji, simu haihitajiki kabisa. Weka floti ya umeme juu ikate pampu tanki likijaa, na nyingine tanki la chini ili pampu isizunguke kavu ikaungua. Haitaki Wi-Fi wala bando. Pampu ya nusu HP haili sana, kama nusu uniti kwa saa; kinachopotea hapo ni maji.

Kabla hujatoa hela, tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo na mkae nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikijitokeza bakulini, mpira wa ndani hauzibi, na maji yanaondoka usiku kucha mkiwa mmelala.

Mzee_Sinza
Mwanangu, laki tatu kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa uniti ni zaidi ya uniti 800. Na hivyo vifaa navyo vinakula umeme saa 24.

Fundi_Kontakta
Hesabu yako ni sahihi mzee, ndiyo maana asinunue vyote. Kipima ni wati moja au mbili, kwa mwezi kama uniti moja. Umeme ukikatika kinazima. Bando likiisha, floti na kontakta vinaendelea. Kwa kipima, atafute kinachosomeka kwa Wi-Fi ya ndani bila intaneti.

BintiMvita
Sisi hapa Mombasa tumetundika tableti kuukuu karibu na meza ya chakula, inaonyesha uniti za leo na za jana. Watoto ndio wasomaji. Kijana wangu aligundua mwenyewe kuwa mchoro unapanda kila asubuhi shati linapopigwa pasi, akaanza kupiga sare za wiki nzima Jumapili kwa mkupuo.

Lakini dada, usimzimie mama mkwe hita ukiwa kazini. Mtu mzima akikatikiwa maji ya moto na sabuni mwilini, atakitaka hicho kifaa king'olewe, na atakuwa na haki. Kaa naye kwanza, achague saa zake mwenyewe.

MamaZuu_Tegeta
Asanteni sana jamani. Basi ni floti mbili, kisha kipima. Baba watoto amesoma, amekubali taa zisubiri. Mama anauliza: friji lake linanguruma bila kupumzika, tunaweza kulipima peke yake?

Fundi_Kontakta
Shikamoo yake. Hapo plagi janja yenye kupima inafaa, friji la nyumbani ni mzigo mdogo. Mlipime siku kadhaa bila kulizima. Kama kompresa haipumziki hata usiku, bana karatasi kwenye mlango, ufunge, kisha uivute. Ikichomoka kilaini, badilisheni mpira wa mlango kabla ya kufikiria friji jipya.