Naomba ushauri: tochi ya titani ya shilingi 62,000 kwa fundi wa injini za meli, inafaa?

BintiWaTudor
Asalaam aleikum na salamu kwa wote. Nataka kuuliza jambo kabla sijatuma pesa.

Babangu ni fundi wa injini bandarini Kilindini, Mombasa. Anatengeneza tagi, matishari na boti ndogo, na sehemu kubwa ya kazi yake iko chini kabisa, mahali ambapo jua halifiki hata saa sita mchana. Tochi zake ni zile za plastiki za barabarani. Akiwa na spana mkono huu na waya mkono ule, tochi huing'ata kwa meno. Hii ya sasa kitako chote kina alama za meno, na swichi haishiki mpaka uipige kofi. Ikifa atanunua nyingine.

Nimeanza kazi na nataka kumpa kitu cha maana. Nimempata fundi Marekani anayekereza tochi moja moja kwa titani. Unachagua rangi ya mwanga na aina ya swichi, na jina anakuchongea. Bei ni dola 480, kama shilingi 62,000 hivi, na hapo sijaweka kusafirisha wala ushuru. Pesa nimeiweka kwa ajili hiyo. Kaka yangu anasema ni kuzitupa baharini. Mamangu amenyamaza, na kwetu mama akinyamaza ujue ana neno.

Je, hela hiyo inanunua mwanga bora au inanunua uzuri? Na chombo kama hicho kitahimili chumvi na joto letu? Nijibuni kwa kujua tafadhali, sitaki kumpa baba kitu cha kumsumbua.

FundiStima_Makupa
Dadangu, nikupe habari za ndani ya tochi, maana huko ndiko ninakokujua. Hakuna fundi wa mkono anayejitengenezea LED. Zinatoka kwa kampuni kubwa chache: Nichia ya Japani, Cree na Luminus za Marekani, Osram ya Ujerumani. Kwa hivyo LED iliyomo kwenye tochi ya 62,000 waweza kuikuta ile ile kwenye tochi ya kiwandani kama Convoy ya elfu mbili tatu. Kinachopandisha bei ni mwili wa tochi, saketi, na muda wa yule anayeiunda.

Saketi ndiyo ya kuulizia. Saketi nzuri hushikilia mwanga ule ule huku betri ikiendelea kwisha. Mbovu huanza kwa kishindo, kisha kila ukiangalia mwanga umepungua. Muulize huyo fundi: tochi ikipata moto inajipunguza yenyewe? Saketi ikifa utaniuzia nyingine nibadilishe hapa hapa Mombasa? Akikujibu kwa sifa za titani tu, basi jua unanunua titani.

Na namba za lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, zisikubabaishe. Ili jicho lione mwanga umekuwa maradufu, lumeni lazima ziongezeke kama mara nne. Tochi ya 800 na ya 1,000 babako hatazitofautisha. Hata muda wa kuwaka unaoandikwa kwenye boksi, kwa kipimo cha FL 1 wanachotumia watengenezaji wengi, huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ulivyoanza. Saa nne za boksi si saa nne za kufanyia kazi.

Kisauni_Moja
Mimi nasema 62,000 ni ada ya mtoto. Ukitoa, toa ukijua hivyo. Sina la zaidi.

MzeeWaKerezo
Mwanangu, mimi nimelea familia kwa mashine ya kerezo, na huyo fundi nitamtetea. Titani ni ngumu kuikereza. Joto lake halisambai, linabaki pale pale kisu kinapogusa, kwa hivyo visu vinaliwa haraka. Ukienda mbio chuma kinaharibika, na vinyweleo vyake vyembamba vinaweza kushika moto. Kupata hesi safi kwenye titani, zizunguke bila kukwaruzana, ni kazi ya mtu aliyetulia na anayejua anachofanya. Mtu wa namna hiyo kutaka dola 480 kwa kazi ya mkono wake, mimi sioni wizi.

Ila sifa hiyo hiyo ya kushikilia joto ndiyo itakayomsumbua babako. Alminiamu ya kawaida hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko titani ya daraja la 5, ambayo ndiyo wengi hutumia. LED ikiwaka kwa nguvu lazima joto litoke. Kwenye alminiamu linafika mkononi na hewani upesi. Kwenye titani linarundikana kichwani mwa tochi, na saketi ikiona hivyo inapunguza mwanga. Sasa tochi hiyo unaipeleka kando ya injini iliyozimwa punde hii, ambako hewa yenyewe inachoma. Itajipunguza mapema, na fundi atabaki na mwanga mdogo katikati ya kazi.

Pweza_Usiku
Kwenye chumvi, titani haina mpinzani. Maji ya bahari hayaili. Mimi husaka pweza mwambani usiku, maji yakitoka wakati wa bamvua, na kila mwaka naona tochi za watu zikifa kwa njia ile ile. Alminiamu ni nzuri maadamu rangi yake ngumu ya juu ni nzima. Ikikwaruzika, chumvi inaingia hapo na utaona unga mweupe kwenye hesi mpaka tochi haifunguki tena. Shaba inageuka kijani, lakini hiyo ni ngozi tu, ndani iko salama.

Tochi ya kuogopa ni ile ya vyuma viwili, kichwa shaba na mwili alminiamu. Kwenye picha inapendeza sana. Maji ya chumvi yakifika kwenye maungio, shaba haidhuriki na alminiamu ndiyo inayoliwa. Na hata ukiwa na mwili wa titani, spring ya ndani na swichi si titani.

Ushauri wangu: tochi yoyote utakayomnunulia, akitoka kazini aioshe kwa maji ya bomba ikiwa bado imefungwa, aiache ikauke, ndipo aifungue. Ile oringi ya mpira shingoni aipake grisi ya silikoni. Grisi ya gari inaweza kuuvimbisha mpira wa aina fulani, asiitumie.

Nuru_Bamburi
Mmesahau rangi, na kwa fundi wa injini rangi ni nusu ya kazi. LED nyingi za bei rahisi zina mwanga wa kibluu na wekundu wake ni kidogo mno. Chini ya mwanga huo waya mwekundu na wa kahawia zinakaribiana. Oili safi na iliyoanza kuchakaa utaziona sawa. Tone la dizeli juu ya ngama huwezi kulitofautisha na maji machafu.

Tafuta CRI ya 90 kwenda juu; hicho ni kipimo, mwisho wake 100, cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kama zilivyo. Halafu uliza R9 ni ngapi, kwa sababu CRI ya kawaida hupimwa kwa rangi nane na ule wekundu uliokolea, ambao ndio R9, haumo. Joto la rangi, yaani mwanga ni wa manjano au wa kibluu kiasi gani, liwe kati ya 4000K na 5000K. LED za Nichia za namna hiyo zimo kwenye tochi za bei ya kawaida kabisa. Hapa ndipo ningetaka pesa ya baba iende kwanza.

MkungaLikoni
Mwanangu, nimesoma yote haya, na jambo kubwa umelisema wewe mwenyewe juu kabisa likapita: babako anaing'ata tochi kwa meno. Huyo mtu anahitaji taa ya kichwa. Mimi nimezalisha kina mama stima zikiwa zimepotea, na najua mikono miwili ikiwa na kazi, tochi ya mkononi hata iwe ya dhahabu haikusaidii. Na titani atakapoiuma kama anavyouma ile plastiki, itakayovunjika si tochi. Mzee wetu tumhifadhie meno yake.

FundiStima_Makupa
Mama Mkunga umesema kweli. Nasoma mara ya pili na ni wazi kabisa.

GatiYaKipevu
Nami niongeze swali ambalo lilistahili kuulizwa mwanzo. Babako anaingia kwenye matishari. Ni matishari ya mizigo au ya mafuta? Nafanya kazi upande wa mafuta, na kwetu tochi bila cheti haipiti mlangoni, haijalishi imetengenezwa na nani. Mvuke wa mafuta hauhitaji moto wa kiberiti. Cheche ndogo ndani ya swichi inatosha, au betri iliyopata moto kupita kiasi. Tochi za kazi hiyo huwa na alama ya ATEX au IECEx, pamoja na kanda inayoruhusiwa: kanda 0 ni pale mvuke upo wakati wote, kama ndani ya tangi, kanda 1 ni pale unapoweza kutokea mara moja moja kazi ikiendelea kama kawaida. Cheti hutolewa baada ya muundo kupimwa maabara, na mtu anayekereza tochi moja moja karakana kwake hawezi kuigharamia kwa kila muundo. Tochi yake inaweza kuwa imara kuliko zote na bado isifae hapo.

Wolf ya Uingereza inatengeneza tochi hizi tangu zamani, na Peli na Petzl wana taa za kichwa zenye cheti. Bei yake iko juu ya tochi ya dukani lakini mbali na hizo 62,000. Tafadhali muulize baba kwanza. Hili la usalama usiliweke chini ya zawadi.

BintiWaTudor
Shukran sana. Nimemuuliza baba kwa kuzungukazunguka asishtuke. Matishari ya mafuta yamo, na matangi huingia yakishapimwa hewa. Huko hupewa tochi ya kazi, ya kupokezana, na mara nyingi anaikuta chaji imekwisha. Nilipomuuliza angependa nini, akasema, "Mikono yangu iwe huru." Nikanyamaza, nikamkumbuka Mkunga.

Kwa hivyo ya kwanza ni taa ya kichwa yenye cheti cha kanda inayomhusu. GatiYaKipevu, nitakuandikia faraghani unihakikishie alama kabla sijalipa.

Ila nikiwa mkweli, moyo wangu bado unataka kitu chenye jina lake. Ile taa naweza kuichonga?

GatiYaKipevu
Usiiguse. Usichonge, usitoboe, usibadilishe hata betri kwa aina ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chake. Ukiigeuza, cheti kimekufa.

MzeeWaKerezo
Mwanangu, jina liweke kwenye tochi ya nyumbani na ya boti ndogo, ambako hakuna mafuta. Na kwa nini ikerezwe Marekani? Shaba ya manjano ya mviringo inapatikana hapa hapa kwa wauza vyuma, inakerezeka vizuri, na hupitisha joto mara nyingi zaidi ya titani. Kuna moduli za saizi ya P60, mtindo uliotokana na SureFire na ukaigwa na wengi: LED, kioo na saketi vimo katika kipande kimoja unachokitumbukiza kichwani. Karakana ndogo za Marekani kama Malkoff huuza moduli zilizojazwa gundi ngumu ndani, hazitikisiki. Zipo za bei nafuu pia. Moduli ikifa unaitoa, unaweka nyingine, na mwili wa shaba unabaki.

Nuru_Bamburi
Mzee, hilo nimelipenda mno. Akiagiza moduli, aulizie CRI ya 90.

Pweza_Usiku
Mwili wote uwe shaba basi, kichwa mpaka kitako. Msichanganye na alminiamu.

FundiStima_Makupa
Betri ya tochi ya shaba itakuwa 18650: upana milimita 18, urefu 65. Ukiona imeandikwa 9,900 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba, irudishe. Nyingi za saizi hiyo zilizo nzuri ziko kama 3,500. Ipime na uzito, nzima huwa karibu gramu 45 hadi 50. Za bandia huwa nyepesi kwa sababu ndani kumewekwa kibetri kidogo na kilichobaki ni takataka za kujazia. Sonara yeyote wa Mji wa Kale ana mizani ya kukupimia, na huyo huyo anaweza kukuchongea jina.

Kisauni_Moja
Hapo sasa naona pesa imepata mahali pake. Ada yangu naiondoa mezani, dada. Mungu amuweke babako.

BintiWaTudor
Amin. Mzee wangu, uko tayari kuikereza mwenyewe? Bei utaisema wewe. Ningependa pia kitako kiwe na mahali pa kupitisha kamba, maana vitu vyake vingi vimeishia majini pale gatini.

MzeeWaKerezo
Nitaikereza. Tundu la kamba tutaliweka kwenye pete ya kitako, tusitoboe ukuta wenyewe maji yasije yakaingia. Agiza moduli na betri kwanza, kisha uniletee vyote viwili mkononi, pamoja na oringi za akiba. Sikati shaba kwa vipimo vya picha. Moduli ikikaa kwa kulegea, joto halipiti, na utakuwa umerudi kwenye shida ile ile ya titani. Na kipenyo cha mwili nipe kipimo cha mkono wa babako akiwa amefumba ngumi. Mpime akiwa amelala ikibidi.